Kabla Hujasema Madabodi

Sisi mafundi wa kompyuta wa Moshi tuna hukumu tunayoipenda kuliko zote: madabodi, yaani ile bodi kuu inayounganisha sehemu nyingine za kompyuta, imekufa. Mashine haiwaki, madabodi. Inawaka na kuzima, madabodi. Imekataa CD ya Windows, madabodi pia. Ni hukumu tamu kwa sababu mteja hana namna ya kuipinga. Hajawahi kuiona hiyo madabodi, hajui imelala upande gani wa boksi, na jina lenyewe ni zito kiasi kwamba anaanza kuulizia bei ya mashine nyingine kabla hujamaliza kusema. Fundi naye anabaki na ramu, hadi diski na pawasaplai za kuuza kimojakimoja. Sisemi wote wanafanya hivyo kwa nia mbaya. Wengi wamechoka tu, foleni ni ndefu, na madabodi ni jibu linalofunga mjadala.

Mama mmoja, mhasibu wa chama cha wakulima wa kahawa huko juu upande wa Uru, alishapewa hukumu hiyo mjini kabla hajafika kwangu. Alishuka na Hiace, kompyuta ya mezani imefungwa kwa khanga mbili, ameikumbatia magotini njia nzima ili isigongwegongwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa madabodi imekufa. Nataka na wewe uniambie hivyohivyo, nikipanda kwenye kamati niwe na mashahidi wawili."

Nikamwomba anieleze tangu mwanzo. Umeme ulikatika watu wakiwa kazini, ukarudi, ukakatika tena. Mashine ilipowashwa, Windows ilifika kwenye nembo, ikajizima, ikaanza upya, na ikawa inazunguka hapohapo. Kijana wa jirani akaja na DVD ya Windows ili aikarabati. DVD ikazunguka, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Kwenye kioo kikabaki kistari cheupe kinachopepesa, halafu nembo ileile ikarudi. Ndani ya hadi diski kuna majedwali ya msimu mzima: nani kaleta kilo ngapi, nani kalipwa awamu ya kwanza, nani bado anadai. Nakala ya akiba ilikuwepo kwenye flashi, lakini ya zamani, kabla kahawa haijaanza kupokelewa.

Kabla sijafungua hata skrubu moja nilikuwa nina jambo la kumwambia. Mashine inayochora nembo kwenye kioo, inayojua ina ramu kiasi gani, inayolalamika ukiichomoa kibodi, madabodi yake haijafa. Inaweza kuwa inaumwa, ila haijafa. Maiti hailalamiki.

Najua kuna msomaji anauliza mpaka leo tunahangaika na CD za nini. Flashi zipo, tena za bei ya chini. Ni kweli, na mimi mwenyewe kazi nyingi nafanya kwa flashi. Ila kompyuta nyingi zilizoko kwenye ofisi za vijijini, shule na parokia ni za mtumba, zimekuja zikiwa zimeshatumika Ulaya au zimepitia Dubai, na baadhi yake ni za kizazi ambacho kubuti, yaani kuwaka, kwa flashi ni bahati nasibu: nyingine inaiona, nyingine haiioni, nyingine inaiona ukiwa umeichomeka tundu la nyuma tu. Halafu flashi inaandikwa. Ukiipeleka kwenye mashine tatu za stationery hapa Double Road, ikirudi imeshabeba virusi. CD ikishachomwa na kufungwa haiandikiki tena, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuwa na pochi ya CD ukutani.

Kuna na mazoea ya wakati. Wenye umri wangu walianza kuijua Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa CD zilizokuja kwa posta. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, bure duniani kote kuanzia 2005 mpaka ilipoufunga mpango huo 2011. Unajaza fomu, unasubiri wiki kadhaa, unaikuta bahasha kwenye sanduku la posta. Leo mtu atacheka, lakini piga hesabu ya wakati ule. CD moja ina megabaiti 700. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikienda kasi yake yote bila kukatika, ni zaidi ya saa 27 kuishusha. Kebo ya SEACOM, ya intaneti inayopita chini ya bahari, ilifika Dar es Salaam Julai 2009, na hata baada ya hapo ilichukua muda intaneti ya bei ya kueleweka kupanda mpaka huku mlimani. Bahasha ya posta ilikuwa na kasi kuliko kafe.

Turudi kwenye mashine ya mama.

Kukataa CD si ugonjwa mmoja. Ni dalili, na washukiwa wake hawazidi watano: mpangilio wa kuwaka, diski yenyewe, draivu inayoisoma, kebo zake, na mtu aliyekaa mbele ya kibodi. Uzuri ni kwamba kila mmoja anaweza kuhojiwa peke yake bila kuvunja chochote wala kufuta chochote. Ubaya ni kwamba wengi wetu tunawahoji wote kwa pamoja. Tunabadili draivu, diski na setingi kwa mkupuo, mashine inawaka, tunafurahi, na hatujui ni nani aliyekuwa na hatia. Wiki mbili baadaye mteja yuko mlangoni tena.

Ili uwahoji vizuri lazima ujue mashine inafanya nini tangu inapobonyezwa. Prosesa ikiamka haijui Windows ni nini wala hadi diski ni nini. Inajua anwani moja tu ya kuanzia, na kwenye anwani hiyo inaikuta BIOS, programu ndogo iliyokaa kwenye chipu. BIOS inakagua ramu, kibodi na kioo, kisha inaangalia orodha yake: nianze kwa nani? Kama hadi diski ndiyo iliyoandikwa juu, inaanza nayo. Na ukaguzi wake kwa hadi diski ni mwepesi mno. Inasoma sekta ya kwanza, baiti 512, na ikikuta baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, inaikabidhi kazi na kuondoka. Haisomi zaidi ya hapo. Windows ikiwa imeharibika huko mbele, BIOS haina habari, na haitarudi kuiuliza CD. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka CD nzima kabisa, kwenye draivu nzima kabisa, na bado akaishia kuitazama nembo ileile inayozunguka.

Kwa CD utaratibu ni mwingine. Zamani kompyuta za kawaida hazikuwa na njia moja iliyokubalika ya kuwaka moja kwa moja kwa CD. Uliwasha kwa flopi iliyobeba draiva ya CD, yaani programu ya kuiendesha draivu, ndipo CD ionekane. Januari 1995 kampuni za Phoenix Technologies na IBM zikatoa kanuni inayoitwa El Torito. Inasemekana jina ni la mgahawa wa chakula cha Kimeksiko huko Irvine, California, ambako kanuni yenyewe ilizungumzwa mezani. Mimi naiamini habari hiyo, maana mambo mengi ya kiufundi hata hapa Moshi yanaamuliwa mbele ya supu.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza. Diski ya data imekatwa kwa sekta za baiti 2,048. Sekta 16 za mwanzo, namba 0 hadi 15, zimeachwa kwa matumizi ya mfumo. Ya 16 ina utambulisho wa diski. Ya 17 ndiyo BIOS inayoiendea moja kwa moja, ikitafuta humo maneno EL TORITO SPECIFICATION pamoja na anwani ya katalogi inayoonyesha programu ya kuwashia imewekwa wapi. Maneno hayo yasipokuwepo mahali pake, hiyo ni CD ya mafaili tu, hata ikiwa imejaa Windows nzima, na BIOS inaipita.

Hapo ndipo lilipo kosa linaloletwa kwangu kuliko yote. Mtu ameshusha faili la ISO, ameliburuta kwenye CD kama anavyoburuta wimbo, akachoma. Ukiifungua hiyo CD kwenye mashine nyingine unakuta faili moja kubwa linaloishia na .iso. Hiyo ni rahisi kuitambua. Ngumu ni ile nyingine: mtu amelifungua faili la ISO, akayatoa mafaili ya ndani, akayachoma. Ukiitazama inaonekana sawasawa kabisa, folda ya sources ipo, setup ipo, kila kitu kipo. Kasoro yake ni sekta ya 17, ambayo huwezi kuiona kwa kufungua folda. Faili la ISO ni picha ya diski nzima, sekta kwa sekta, na linatakiwa lichomwe kwa amri ya kuchoma picha ya diski. Kwenye Windows kuanzia 7 unalibofya kulia na amri hiyo unaikuta palepale, bila kutafuta programu ya mtu.

Sasa mhojiwa wa kwanza. Niliiwasha ile mashine, nikaingia BIOS, na kabla hata sijafika kwenye mpangilio macho yakaangukia tarehe. Januari 2007.

"Mama, hii saa huwa mnaiweka sawa?"

"Kila asubuhi. Tulishazoea."

Walishazoea! Chamani wanazima swichi kubwa ya ukutani kila jioni kwa kuogopa radi, jambo ambalo siwalaumu, radi za mlimani si za mchezo. Lakini kompyuta iliyozimwa ikiwa bado imechomekwa hupata umeme kidogo wa kushikilia kumbukumbu za BIOS. Ukizima ukutani, kazi hiyo inabaki kwa betri ndogo ya duara iliyopachikwa kwenye madabodi, namba yake CR2032, ya volti 3. Betri ikifa, kila asubuhi mashine inaamka imesahau saa, tarehe na mpangilio wa kuwaka, na kurudi kwenye setingi za kiwandani. Kwa mashine hii setingi za kiwandani ziliweka hadi diski juu. Yule kijana wa jirani aliniambia baadaye kwa simu kwamba mpangilio aliubadilisha, CD ikawa ya kwanza. Namwamini. Aliubadilisha jioni, akahifadhi, wakazima ukutani, akarudi asubuhi kujaribu.

Kwa sababu hiyo mimi siku hizi sibadilishi mpangilio kwenye BIOS nikiwa bado napima. Natumia menyu ya mara moja, ile inayotokea ukibonyeza kitufe chake mara tu mashine inapowashwa. Kwa Dell na Lenovo ni F12, kwa HP ni F9 au Esc kisha F9, kwa laptop za Asus ni Esc, kwa Toshiba F12. Acer nayo ni F12, ila nyingi zinataka uingie BIOS kwanza uiruhusu, na hilo limewatoa watu jasho. Kwenye menyu hiyo unachagua CD kwa safari moja tu, hakuna kinachohifadhiwa, na betri mbovu haina nafasi ya kukuchanganya.

Nikachagua CD. Draivu ikanguruma, taa yake ikapepesa, ikanyamaza. Nembo.

Hapa wengi wangesema basi, draivu mbovu. Nami nilikaribia kusema hivyo, mama akaniwahi.

"Draivu nzima hiyo, mwanangu. Kila asubuhi tunafungulia kwaya kabla ya kazi."

Dogo ninayefanya naye kazi akaitikia kwa kichwa: kama inapiga kwaya, inasoma. Ni ushahidi mzuri, ila unahusu CD. Diski ya Windows ilikuwa DVD, na hapa pana jambo ambalo nadhani kila mtu mwenye draivu angepaswa kulijua. Draivu ya DVD ina leza za aina mbili. CD inasomwa kwa leza ya infraredi yenye mawimbi ya nanomita 780, ambayo jicho haliioni vizuri. DVD inasomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Njia za data kwenye DVD zimebanana zaidi ya mara mbili: kati ya njia na njia kuna mikromita 0.74, wakati kwenye CD ni 1.6. Kwa hiyo draivu inaweza kuwa nzima upande mmoja na kuwa mfu upande wa pili. Vumbi kidogo kwenye lenzi, na CD bado inaimba huku DVD haionekani kabisa. Leza nyekundu ikichoka, mambo ni hayohayo.

Tukapima kwa kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. DVD ya yule kijana tuliitia kwenye mashine yangu ya mezani, ikawaka bila shida, na yale maneno ya kukutaka ubonyeze kitufe chochote yakatokea. Diski imeachiwa huru. Tukatia DVD yangu, ambayo naijua ni nzima, kwenye mashine ya mama. Kimya. Tukaikagua kebo, maana safari ya Hiace kutoka Uru inaweza kulegeza chochote, tukaisukuma vizuri pande zote mbili. Kimya. Tukaisafisha lenzi kwa pamba ya masikio na spiriti ya dukani, kidogo sana, bila kuikandamiza, kisha tukaiacha ikauke. Kimya. Mwisho nikatoa kwenye pochi CD ya Puppy Linux, ambayo ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye CD ya kawaida. Ikawaka kwenye draivu ileile.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa amesema kweli. Mama alikuwa sahihi kwamba draivu inasoma. Kijana alikuwa sahihi kwamba DVD yake ni nzima na kwamba mpangilio aliubadilisha. Hitilafu zilikuwa mbili, moja imekaa nyuma ya nyingine: betri iliyokuwa inafuta mpangilio, na leza ya DVD ambayo ingekataa hata mpangilio ungekuwa sawa. Ukirekebisha moja bila ya pili, mashine inagoma vilevile, unarudi nyuma na kudhani ulichorekebisha hakikuwa tatizo. Fundi aliyefika hapo akakata tamaa na kusema madabodi, namwelewa. Sikubaliani naye, lakini namwelewa.

Puppy Linux ina tabia moja ninayoipenda: inajipakia yote kwenye ramu, ukitaka unaitoa CD na inaendelea kufanya kazi. Tukaifungua hadi diski ya chama kwa kuisoma tu, bila kuiandika, tukanakili majedwali yote kwenye hadi diski ya nje. Hili nalifanya kabla ya ukarabati wowote, na nimegombana na wateja wenye haraka kwa ajili yake. DVD ya Windows inayokuja kukarabati ndiyo hiyohiyo inayoweza kufuta, na kati ya kubofya karabati na kubofya sakinisha upya ni umbali wa kidole. Mama alivuta kiti akasogea kwenye kioo, akataka afunguliwe jedwali moja aone kwa macho yake. Akashuka na mshale mpaka kwenye jina analolijua, akasoma kilo, akasoma kiasi kilicholipwa, akasema, "Ndiyo zenyewe."

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Draivu tukaipata kwenye mashine iliyokufa kweli nyuma ya duka, betri mpya buku mbili, saa ikawekwa, CD ikapandishwa juu ya hadi diski kwenye mpangilio. DVD ya Windows ikawaka, ukarabati wa kuwaka ukapita, kisha nikaiendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, usiku kucha ili isome hadi diski nzima, kwa sababu umeme ukikatika wakati mashine inaandika huwa unaacha takataka.

Sijamtaja vizuri yule mshukiwa aliyekaa mbele ya kibodi. DVD ya Windows ikiwaka inakuambia "Press any key to boot from CD or DVD" na kukupa sekunde chache tu. Usipobonyeza, inadhani umeisahau diski ndani, inaenda kwenye hadi diski. Nimeletewa mashine iliyosafirishwa kutoka Rombo kwa sababu hiyo tu. Kuna na sura yake ya pili: mtu anabonyeza kweli, tena kwa nguvu, lakini kibodi ni ya USB na BIOS ya zamani imezimiwa ruhusa ya kuisikia kibodi ya USB kabla Windows haijapanda. Hapo tafuta kibodi ya zamani ya tundu la duara, ama uingie kwenye BIOS uiruhusu ya USB.

Na diski zenyewe jamani. Watu wanachunga mikwaruzo ya upande wa chini unaong'aa, kisha wanaandika juu kwa biki. Kwenye CD, tabaka lenye data liko juu kabisa, chini tu ya rangi na lebo. Mkwaruzo wa chini unapitia plastiki ya zaidi ya milimita moja kabla haujagusa data, na mara nyingi unaweza kusuguliwa ukaisha. Biki ya juu inakwenda moja kwa moja kwenye data. DVD ina nafuu hapo, maana data yake iko katikati ya matabaka mawili ya plastiki ya milimita 0.6 kila moja. Andika kwa kalamu ya wino laini. Ukichoma, shusha kasi kuliko ile inayopendekezwa na programu, na uiruhusu ihakiki ikimaliza. Na kabla ya kuchoma, linganisha alama ya SHA256, ule mfuatano mrefu wa herufi na namba unaoonyesha faili halijabadilika, ya faili ulilolishusha na ile iliyotolewa na wenye programu. Faili lililokatika katikati kwa sababu bando limeisha linachomeka vizuri tu, na linakuja kukuumbua mbele ya mteja.

Mashine za sasa zina ugomvi wa aina nyingine. Badala ya BIOS ya zamani zina UEFI. Hiyo bado inaipitia katalogi ya El Torito kwenye diski, lakini inatafuta humo ingizo lililowekwa kwa ajili yake, na ndani ya ingizo hilo faili linaloitwa BOOTX64.EFI. CD ya Windows XP, ya mwaka 2001, haina kitu hicho. Wala DVD ya Windows 7 ya biti 32. Ukiitia kwenye laptop mpya haitasema neno, itaipita kana kwamba tundu liko tupu. Kwenye mashine za katikati unaweza kuwasha mudi ya zamani, inayoitwa CSM au Legacy, ikakubali. Kwenye mpya kabisa mudi hiyo imeondolewa. Intel walitangaza 2017 kwamba ifikapo 2020 wataiacha. Secure Boot nayo, ulinzi uliomo kwenye UEFI, inakataa diski ambayo programu yake ya kuwashia haina saini inayoitambua. Kwa hiyo mtu akiniletea laptop mpya na CD ya XP kwa sababu programu yake ya duka ni ya zamani, simzungushi. Hakuna cha kutengeneza hapo. Na kama laptop haina draivu na ametumia ya nje ya USB inayolialia bila kusoma, namwambia kwanza aichomeke kwenye matundu mawili kwa kebo yenye vichwa viwili. Tundu la USB 2.0 limeahidi miliampia 500 tu, na baadhi ya draivu zinataka zaidi ya hapo zinapoanza kuzunguka.

Mama alirudi kuichukua mashine siku ya soko, akiwa na mwenyekiti wa chama. Nikaiwasha, nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, tukakaa kidogo, nikachomeka na kuwasha tena. Saa ilikuwa sawa. Mwenyekiti akaridhika, akaomba risiti, akaisoma kwa sauti mpaka kwenye mstari wa mwisho.

"Betri?"

"Ndiyo mzee."

"Betri ya nini tena, fundi? Kompyuta si inatumia umeme?"

Mama akamwambia wataelezana njiani. Bado ananidai maelezo ya maandishi kwa ajili ya kamati, na nadhani nitamchapishia makala hii.